Dawa ya Kifafa kwa Mtu Asiye na Kifafa

“Daktari, samahani, mimi kifafa sina.” Sisi tunaotibu kipandauso tumeyazoea maneno haya. Mgonjwa ameandikiwa topirameti, amefika nyumbani, akafungua boksi na kusoma kikaratasi kilichomo; sasa amerudi akishuku kwamba ama tumekosea, ama tunamficha jambo. Mwingine hupewa propranololi, jirani akamwambia hiyo ni ya presha. Wa tatu hupewa amitriptilini, akaambiwa ni ya sonona. Jirani hajakosea. Dawa hizo zote zilianzia kwenye maradhi mengine, na hakuna hata moja kati yake inayotuliza kichwa kinachouma sasa hivi. Zinakinga. Namna zinavyokinga ndiyo hadithi yenyewe.

Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, ambaye mwenyewe alikuwa na kipandauso, alichapisha michoro ya mambo aliyoyaona wakati wa mashambulizi yake: doa lisiloona karibu na katikati ya eneo analoliona, lenye ukingo wa mistari ya meno ya msumeno inayomemeta, likitanuka polepole kuelekea pembeni. Alihesabu muda, akakadiria kwamba kuna kitu kinachotembea juu ya gamba la ubongo, upande wa kisogoni unaoshughulikia kuona, kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, aliyekuwa Harvard akichunguza kifafa kwa kutumia sungura, alieleza wimbi linalosambaa kwenye gamba la ubongo kwa mwendo wa namna hiyohiyo, likiacha nyuma yake ukimya wa umeme wa dakika kadhaa.

Aliyewahi kuona nyasi zikichomwa shambani hahitaji maelezo marefu. Mbele kuna mstari wa moto, nyuma yake weusi. Mmemeto wa Lashley ni ule mstari. Doa ni ule weusi.

Takriban theluthi moja ya wenye kipandauso hupata dalili hizi. Kama wengine nao hupitiwa na wimbi bila kuliona, wataalamu bado wanabishana. Lakini swali linalomhusu kila mgonjwa ni hili: kwa nini nyasi za mmoja zishike moto kwa cheche ambayo kwa mwenzake huzimika yenyewe? Usingizi uliokatika, mlo uliorukwa, hedhi. Wengi hupitia hayo na kichwa hakiwaumi. Seli za neva huishi kwa mizani: glutameti huzichochea, GABA huzituliza. Kwa mwenye kipandauso, mizani hiyo huelekea kulemea upande wa uchochezi. Katika aina moja adimu inayotembea katika ukoo, ambayo humlegeza mgonjwa upande mmoja wa mwili kwa muda, kasoro imepatikana kwenye jeni za milango inayopitisha kalsiamu na sodiamu ndani ya seli.

Hapo ndipo dawa ya kifafa inapopata kazi. Topirameti hubana milango ya sodiamu, huipa nguvu GABA na kupunguza makali ya glutameti. Haiondoi cheche, inalowesha nyasi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Boston, mwaka 2006. Watafiti waliwapa panya dawa tano za kinga zisizofanana hata kidogo, zikiwemo topirameti, valproeti, propranololi na amitriptilini, kisha wakajaribu kuliamsha wimbi la Leão. Mawimbi yalipungua kwa asilimia 40 hadi 80, na nguvu iliyohitajika kuliwasha ikapanda. Dozi ya mara moja haikufaa kitu. Ilibidi dawa itumike kwa majuma, na kadiri muda ulivyorefuka ndivyo kinga ilivyoimarika. Walijaribu pia pacha wa propranololi, molekuli iliyogeuzwa kama taswira kwenye kioo, ambayo haikingi kipandauso. Hiyo haikulizuia wimbi.

Panya si mtu, nakubali. Tena tangu 2018 ziko sindano za kingamwili, erenumabu ikiwa ya kwanza kuidhinishwa Marekani, ambazo molekuli zake ni kubwa mno na kwa sehemu kubwa haziingii ubongoni, na bado zinakinga. Kutuliza ubongo, basi, ni njia moja, siyo pekee. Lakini kwa wagonjwa wetu wengi ndiyo njia inayofikika: propranololi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiihii.

Kwa hiyo usiipime dawa ya kinga kwa siku nne ukaitupa. Ipe miezi miwili hadi mitatu katika dozi kamili, ukiandika kwenye kalenda kila siku kichwa kinapouma. Siku zikipungua kwa nusu, imefaulu. Andika pia siku unazomeza dawa za maumivu: za kawaida zikifika siku 15 kwa mwezi, zenyewe huanza kuzalisha maumivu. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa propranololi, na anayeitumia asiiache ghafla. Na wewe dada unayeweza kushika mimba, uliza mapema: valproeti na topirameti huweza kumdhuru mtoto tumboni, na ipo dawa nyingine ya kukuandikia.