Kulungu Mwekundu na Saa ya Kuzaa

Je, wajua kwamba kulungu mwekundu wa Scotland hupandana karibu miezi minane kabla ya kuzaa, katika majira ambayo nyasi zinanyauka na hakuna dalili yoyote ya malisho yatakayomlea ndama wake? Mnyama huyu, ambaye wataalamu humwita Cervus elaphus, si mbawala wa misitu ya Afrika Mashariki. Ni wa familia ya Cervidae, ambayo madume wake wengi huota pembe zenye matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Jike hupandwa zaidi mwezi Oktoba, hubeba mimba kwa siku 235 hivi, kisha huzaa ndama mmoja mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, nyasi changa zikiwa zimeshachipua. Kunyonyesha humla mama nguvu nyingi kuliko hata kubeba mimba, na ndama aliyechelewa kuzaliwa huingia katika majira ya baridi akiwa bado mdogo na mwembamba, kwa hiyo wengi wa aina hiyo hawafiki mwaka wa pili.

Kiongozi wake mkuu katika jambo hili ni mwanga. Ndani ya ubongo imo tezi ndogo iitwayo pineali, ambayo hutoa homoni ya melatonini wakati wa giza tu, na kadiri usiku unavyorefuka baada ya Juni ndivyo homoni hiyo inavyokaa mwilini kwa saa nyingi zaidi, mpaka ubongo unapoamuru viungo vya uzazi vianze kazi. Ushahidi wake uko New Zealand, ambako kulungu wekundu walipelekwa kutoka Uingereza katika karne ya 19: huko, kwa kuwa majira yamegeuka, wanyama wa damu ileile hupandana Machi na Aprili na kuzaa kuanzia Novemba.

Mwanga, hata hivyo, hutoa kipindi tu. Siku yenyewe huamuliwa na mengine, na hapa ndipo habari inaponoga. Jike aliyenyonyesha kiangazi kizima huwa amekonda, na kwa kawaida huchelewa kuingia kwenye joto kuliko mwenzake asiye na ndama, au hukosa kabisa kushika mimba mwaka huo. Dume naye ana sehemu yake. Mwishoni mwa Septemba shingo yake huvimba, hugaagaa katika matope yaliyochanganyika na mkojo wake, na hunguruma usiku na mchana huku akiwa karibu hali chakula, hata aweze kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mngurumo huo hauwatishi wapinzani pekee: mwaka 1987 mtafiti Karen McComb alionyesha kwamba majike wanaousikia huwahi kupevusha mayai, jambo la kustaajabisha kwa kuwa sauti tupu ya dume inaweza kusogeza tarehe ya kuzaliwa kwa ndama.

Mengi kati ya hayo yamejulikana kutokana na subira ya watafiti wa kisiwa cha Rum, magharibi ya Scotland, ambako tangu miaka ya mwanzo ya 1970 kila kulungu wa eneo la kaskazini ametambuliwa kwa sura yake na kufuatiliwa toka kuzaliwa hadi kufa. Kumbukumbu zao zilionyesha mwaka 2011 kwamba, katika muda wa miaka 28, joto la dunia lilipokuwa likipanda, matukio ya mwaka wa kulungu, kuanzia kudondoka kwa pembe hadi kuzaa, yalikuwa yamewahi kwa siku 5 hadi 12. Uchambuzi wa mwaka 2019 ukaongeza kwamba sehemu ya mabadiliko hayo imo katika jeni, yaani vinasaba vinavyorithiwa, kwa sababu majike wanaowahi kuzaa huacha watoto wengi zaidi.

Si kila jamaa yake aliyejaliwa unyumbufu huo. Kulungu mdogo wa Ulaya, Capreolus capreolus, hupandana Julai na Agosti, lakini kiinitete chake, yaani mimba ikiwa bado changa kabisa, huelea katika mji wa mimba kwa miezi kadhaa pasipo kukua inavyostahili, na hujishikiza ukutani takriban mwezi wa Januari ili mtoto azaliwe Mei. Ni utaratibu wa ajabu, na kwa karne nyingi umemfaa. Tatizo ni kwamba haupindiki kirahisi. Katika msitu wa Trois-Fontaines, nchini Ufaransa, watafiti walilinganisha tarehe za kuzaa na tarehe za kuchanua kwa mizabibu ya jirani katika jimbo la Champagne, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1985 na 2011 majira ya kuchipua yalikuwa yakiwahi zaidi na zaidi, ilhali tarehe za kuzaa hazikusogea. Watoto wa kulungu hao sasa huzaliwa malisho bora yakiwa yameshapita, na idadi ya wanaonusurika wakiwa wachanga imepungua.