Ugalla: Kulala Palipo na Maji

Neno "safari" limetembea sana. Leo mtu wa London au Chicago akilisikia anawaza gari lisilo na paa na simba kivulini. Mnyamwezi wa mwaka 1860 angeliwaza bega lake. Kwake safari ilikuwa kutoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi Bagamoyo kwa miguu, na mzigo wa frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30, huku kirangozi, mwongozaji wa msafara, ametangulia na ngoma inalia. Na kila siku, kabla jua halijawa kali, msafara ulijiuliza swali lile lile: leo tutalala wapi penye maji?

Anayekwenda kulala Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla bado analijibu swali hilo.

Ugalla iko kusini-magharibi mwa mji wa Tabora na inagusa mikoa miwili, Tabora na Katavi. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1965, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Eneo lake ni kilometa za mraba 3,865. Mto wenyewe humwaga maji Malagarasi, na Malagarasi huyafikisha Ziwa Tanganyika. Sehemu ya bonde hilo imo katika ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000.

Isilinganishwe na Serengeti. Hapa ni miombo, miti imefuatana hadi macho yachoke, na mnyama akisimama nyuma ya vigogo vitatu amekwisha kupotea. Mwenye kutaka kuona simba kumi kabla ya chai aende kwingine. Ugalla humlipa anayekaa kimya. Palahala dume, mweusi kama mkaa, pembe zimepinda hadi mgongoni, hajitokezi kwa pupa. Wapo pia korongo, yule swala mkubwa, si ndege, pamoja na kongoni, nyamera, pofu, nyati, twiga na tembo. Kwenye matete ya kinamasi huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye tope.

Siri ya kuwaona ni kiangazi. Mvua zikikatika, mto hupungua wiki baada ya wiki hadi unaacha kutiririka, na kinachobaki ni madimbwi yaliyotengana. Viboko waliokuwa wametawanyika hujikuta wamebanana kwenye dimbwi moja, mgongo juu ya mgongo, wakigombana kutwa nzima. Mamba huota jua ukingoni. Wanaokunywa hawana pengine pa kwenda, kwa hiyo wote watapita hapo, mapema au baadaye.

Wasafiri wa zamani waliijua kanuni hiyo vizuri. Mwaka 1871 vita kati ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta mpelelezi David Livingstone, akalazimika kupinda kusini. Mwanzoni mwa Oktoba msafara wake ulipiga kambi kando ya Gombe, kijito ambacho nacho kiangazi hubaki madimbwi. Wanyama walikuwa tele. Stanley aliwinda, watu wakala nyama. Siku moja alivua nguo aoge, na alipokuwa karibu kujirusha majini akamwona mamba pale pale alipokusudia kutua. Lakini kasheshe yenyewe ilikuja wakati wa kuondoka. Wapagazi walitaka wakae siku moja zaidi: nyama ipo, maji yapo, haraka ya nini? Stanley akakataa. Hawajafika mbali, mizigo ikabwagwa chini, bunduki zikaelekezwa, na nusura damu imwagike. Mwezi uliofuata alikuwa Ujiji akimwamkia Livingstone, na kisa cha Gombe kikamezwa na kile cha Ujiji. Kwa anayeijua nchi hii mwezi Oktoba, wapagazi walikuwa na hoja.

Mgeni wa leo anaweza kufika Tabora kwa treni ya reli ya kati na kuendelea kwa gari. Awe amebeba hema, chakula na maji ya kunywa, kwa sababu hapa hakuna mlolongo wa hoteli. Jioni askari wa hifadhi humwonyesha kitu ambacho peke yake asingekitambua: ukingoni mwa mto kuna njia mbili nyembamba zilizochimbika sambamba, na katikati yake pameachwa tuta la nyasi. Hiyo ni barabara ya kiboko, miguu ya kushoto huku, ya kulia kule. Hema halipigwi juu yake. Usiku kiboko hupanda kwenda kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na anaporudi majini huifuata njia ile ile, na mwenye hema ndiye atakayejua la kufanya. Aliyelala mahali pake husikia tu nyasi zikikatwa, fisi akiita mbali, kisha kimya kirefu.

Mchana kuna bughudha nyingine, mbung'o. Huuma hata juu ya jinzi, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo hizo ziachwe Tabora. Hata hivyo, ni mdudu huyu aliyelilinda pori kabla ya askari yeyote. Hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, na miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa miombo.

Wenyeji hawakulisahau pori hilo. Enzi za pori la akiba, wenye vibali waliingia msimu wa kiangazi kuvua samaki na kurina asali kwenye mizinga ya magome, asali ile ile inayoipa Tabora sifa. Hifadhi ya taifa ina masharti makali zaidi, na kwa kaya iliyozoea kulipa ada ya shule kwa asali ya Ugalla, hilo si jambo dogo. Warinaji wengi sasa wanategemea misitu ya nje ya mipaka, ikiwemo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori za Ipole na Uyumbu.

Novemba mawingu hukusanyika. Madimbwi huanza kuungana, viboko hupata nafasi ya kupumua, na udongo mweusi wa mbugani hugeuka ulojo unaoweza kulishika gari hadi ekseli. Kambi hufungwa, na ukingo wa mto hubaki na njia zile mbili, zikijaa maji.