Jifunze Kuchora kwa Jiwe na Jani

Watu wengi husema, "Mimi sikuzaliwa na mkono wa kuchora," na hapo shauri huisha. Lakini mtu huyo huyo huandika barua kwa hati nzuri, na akitazama kundi la ng'ombe malishoni humtambua wa kwake kwa umbo la pembe tu. Mkono anao, na macho anayo. Lililopungua ni desturi ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu, bila kukimbilia kingine.

Mwaka 1854 katika mji wa London kilianzishwa chuo cha watu wa kazi, ambamo mafundi na makarani walisoma jioni baada ya kazi zao. Mwalimu wao wa kuchora alikuwa John Ruskin, mwandishi mashuhuri wa siku zile. Hakukusudia kumgeuza seremala kuwa mchoraji. Alitaka seremala aone vizuri zaidi na kuifurahia kazi yake. Mwaka 1857 alitoa kitabu cha kufundisha kuchora, na miongoni mwa mazoezi yake ya mwanzo ni kuchora jiwe la mviringo lililookotwa njiani.

Kwa nini jiwe? Kwa sababu jiwe halina mstari. Mtu asiyezoea huchora duara, kisha hulijaza weusi, naye hudhani amemaliza. Weka jiwe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha moja, mwanga utoke upande wa kushoto kama waandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono wako kisiangukie kazi. Fumba macho nusu. Utaona mambo madogo madogo yanatoweka, na sehemu kubwa za mwanga na giza zinabaki. Palipo na mwanga mwingi acha karatasi ilivyo. Upande wa pili kivuli huzidi kidogo kidogo, lakini angalia vema: penye giza zaidi si ukingoni kabisa. Ukingoni pana weupe mdogo, kwa kuwa karatasi iliyo chini hurudisha mwanga juu ya jiwe. Asiyeuona weupe huo hatauweka, na jiwe lake litakuwa bapa kama sarafu.

Jiwe likikubali, chukua yai, kisha jani. Jani lina udanganyifu wake. Sote twajua jani lina umbo gani, na kujua huko ndiko kunakoharibu mchoro, maana twachora tulijualo badala ya tulionalo. Jani la mwembe lililoelekezwa usoni pako huonekana fupi kama kidole, na ndivyo lipasavyo kuchorwa. Nyosha mkono, shika kalamu ya risasi wima, fumba jicho moja, upime kwa kidole gumba urefu na upana unaoonekana. Tazama pia nafasi zilizo wazi kati ya jani na kikonyo. Ukizichora sawasawa, jani lenyewe hujitokeza.

Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1503 alichora kwa rangi ya maji bonge la nyasi na magugu tu, yale ambayo mkulima yeyote angeyang'oa bila kuyaangalia mara ya pili. Picha hiyo ingali imehifadhiwa mjini Vienna. Na huku kwetu, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, mwaka 1959 alichora habari za Yesu katika kuta za kanisa huko Murang'a, na vilima na miti aliyoiweka ni ya nchi ile ile.

Katika kupaka rangi, kosa la kwanza ni kudhani kijani ni kimoja. Upande wa juu wa jani linalong'aa huchukua rangi ya anga na kuwa kama samawati. Lile lenye jua nyuma yake huwa kijani chenye umanjano. Kijani cha dukani ni kikali mno. Tia chembe ya nyekundu kitulie.

Asiye na fedha za rangi asikate tamaa. Panga vijiti vyembamba vikavu katika mkebe wenye kifuniko, toboa tundu dogo la kutolea moshi, uuweke motoni kama saa moja. Vikipoa utapata makaa mazuri ya kuchorea. Udongo mwekundu au wa manjano, ukisagwa na kuchungwa, huchanganywa na kiini cha yai na maji kidogo. Rangi hiyo hukauka upesi, nayo ilitumiwa makanisani Ulaya kabla ya rangi za mafuta. Masizi na gundi ya mgunga hufanya wino mweusi.

Mkulima atauliza, yote haya yanifae nini? Kutu ya kahawa juu ya jani ni doa hafifu la manjano, lakini chini yake ni unga wa rangi ya chungwa. Aliyezoea kugeuza jani na kulichora pande zote mbili atauona mapema. Kutu hiyo ilionekana Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, mwaka 1869, na katika miaka ipatayo ishirini ilimaliza karibu kahawa yote ya kisiwa, watu wakageukia chai. Harry Marshall Ward, aliyepelekwa huko mwaka 1880, alichunguza majani kwa hadubini na kuonyesha kwamba unga ule ni mbegu za kuvu, ambazo huchipua na kuingia kwa vitundu vya kupumulia vilivyo chini ya jani. Maelezo yake aliyatoa pamoja na michoro.

Nusu saa kwa siku yatosha, hasa asubuhi kabla jua halijawa kali. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi, wala usizitupe zilizoharibika. Zile za makaa zitenganishe kwa karatasi safi na kuziweka mbali na watoto, maana hufutika kwa kuguswa tu.