Gramu 96 za unga: hesabu ya mashine ya kusaga visu

Chukua kipande cha springi ya gari kilichofuliwa hadi unene wa milimita 4, upana 35, na urefu wa 200 upande wa makali. Uzito wake ni kama gramu 220. Kisage bapa, yaani kuanzia mgongoni hadi kwenye makali pande zote mbili, ukibakiza nusu milimita kwenye makali kabla ya kukitia ugumu kwa moto. Utakuwa umeondoa gramu 96. Asilimia 44 ya chuma chako imelala sakafuni ikiwa unga, na mashine unayotaka kununua kazi yake ni hiyo: kutoa gramu hizo bila kuharibu zilizobaki.

Nyundo inasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Ukiiacha springi hiyo hiyo na milimita 6, unga unapanda hadi gramu 151.

Grenda ya mkono nayo inakula chuma haraka. Inaposhindwa ni kwenye pembe. Mteremko wa kisu chetu haufiki digrii 3 kila upande. Mkono ukiyumba digrii 1 tu, makali yanaliwa milimita 0.6, na wewe ulibakiza 0.5. Kwa hiyo cha kukagua kwanza kwenye mashine ya mkanda wa msasa ni lile bamba linaloukingia mkanda kwa nyuma. Lisimamishie rula ukiwa bado dukani, utazame kama mwanga unapenya. Bamba likiwa na tumbo, kila kisu kitatoka na bonde.

Mikanda ya msasa inapimwa kwa inchi. Ule wa 2 kwa 72 una eneo mara 4.8 la ule wa 1 kwa 30. Lakini tofauti iliyo kubwa ni ya joto. Kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, kila punje ya msasa kwenye mkanda mrefu inagusa chuma mara 8 kwa sekunde. Kwenye mfupi, karibu mara 20. Haipati nafasi ya kupoa. Na kisu kilichokwisha kutiwa ugumu kikibadilika rangi kuwa buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu wa makali umeshuka.

Kwenye mwendo huo ndipo michoro ya mashine ya Marekani inapotupotosha. Kule umeme ni wa Hz 60, mota inazunguka mara 3,450 kwa dakika, na gurudumu la inchi 4 linausukuma mkanda kwa mita 18 kwa sekunde. Kwetu Hz 50, mota ya aina hiyo inazunguka 2,850, unapata 15. Mwambie fundi akuchongee gurudumu la milimita 125 badala ya 100, mwendo unarudi.

Nguvu nayo ina hesabu yake. Kwa mita 15 kwa sekunde, mota ya kilowati 0.25 itazidiwa msuguano ukipita niutoni 17, sawa na uzito wa kilo 1.7. Ya kilowati 1.5 inahimili niutoni 100. Nunua ya fezi tatu hata kama nyumbani una fezi moja, uiunganishe na kifaa cha VFD: kinazalisha fezi tatu na kukuruhusu kushusha mwendo hadi mita 4 au 5 unapomalizia kisu kigumu. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, ifungwe kwa delta. Kikiandikwa 400/690, iache.

Tuje kwenye pesa. Saa nzima ya mota ya kilowati 1.5 kwa nguvu zote ni kama uniti 1.9, kwa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, ni 670. Mkanda mzuri wa seramiki ni kama dola 10, tuseme shilingi 25,000. Ukitoa visu vinne, kila kisu kimekula 6,250, zaidi ya mara tisa ya umeme wa saa nzima. Na anayeng'ang'ania mkanda uliokwisha ili uvute kisu cha tano anasugua badala ya kukata. Kinachozaliwa hapo ni joto.

Mashine kamili ya 2 kwa 72 kutoka nje mara nyingi inavuka dola 1,500 kabla ya usafiri. Tuseme imekufikia kwa 2,000: ikigawanywa kwa visu 100, kila kimoja kinabeba shilingi 50,000, kwa visu 500, shilingi 10,000. Mtu wa visu viwili kwa mwezi atafika 100 baada ya miaka minne na ushee. Huyo namshauri abaki na tupa na kibanio cha kushikilia pembe. Wa visu viwili kwa wiki achomelewe fremu hapa hapa, na pesa azipeleke kwenye mota, magurudumu na bamba. Barakoa ya vumbi wanunue wote wawili.