Sabuni ya Kumwogeshea Mbwa

Katika vijiji vyetu nyumba nyingi zina mbwa. Mbwa hulinda mji usiku. Hufukuza nyani na ngedere shambani. Mchana hulala mlangoni, na watoto hucheza naye. Akiwa na viroboto, viroboto hao huingia ndani ya nyumba. Akiwa na funza, watoto nao hupata funza miguuni. Kwa hiyo kumwogesha mbwa si anasa ya watu wa mjini. Ni usafi wa nyumba, kama kufagia.

Lakini unamwogesha kwa kitu gani?

Mjini yako maduka ya dawa za mifugo yanayouza shampuu ya mbwa. Hiyo ni sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi ya mbwa. Ukiipata, na fedha unayo, nunua. Usipoipata, usihangaike. Tumia sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, au sabuni ya kuogeshea watoto wachanga. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya mtu, ila manyoya huificha. Sabuni ya unga ya kufulia humkausha ngozi na kumwasha. Akiwashwa hujikuna, akijikuna hupata vidonda, na vidonda huleta inzi. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usimpake kabisa. Na sabuni yoyote utakayotumia, msuuze mpaka povu liishe lote, kwa sababu mbwa hujilamba.

Anza kupaka povu shingoni, kuizunguka yote. Ukianza mgongoni, viroboto hukimbilia kichwani na kujificha masikioni. Povu likikaa shingoni hawapiti. Macho na ndani ya masikio usitie sabuni. Ogesha wakati jua limepanda, ili akauke mapema. Mara moja kwa mwezi yatosha. Watoto wa mbwa wanaonyonya usiwaogeshe, maana hupata baridi upesi.

Sasa nije kwenye jambo linalotuletea wagonjwa zahanati. Wapo watu wanaoona sabuni haina nguvu. Wao huchukua dawa ya pamba, au dawa ya josho la ng'ombe, wakaikoroga kwa kukisia na kummwagia mbwa. Wengine hutumia mafuta ya taa, oili chafu ya gari, au maji ya tumbaku. Vyote hivi ni sumu. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa akiyalamba yakaingia mapafuni anaweza kufa. Ni kweli viroboto hufa. Mbwa naye hufa.

Si mbwa peke yake. Dawa nyingi za kuua wadudu shambani hupita kwenye ngozi ya mtu bila kidonda chochote. Aliletwa kwetu kijana mmoja anatoka jasho na mate, anatapika, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Ndugu zake walidhani ni malaria kali. Tulipouliza sana, tukaambiwa asubuhi alimwogesha mbwa kwa dawa ya pamba, mikono mitupu. Tulimvua nguo, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni, akachomwa sindano ya atropini na kupelekwa hospitali. Alipona. Beseni alilotumia lilikuwa lile la kuogea watoto. Bahati yao hakuna aliyekuwa ameliogea bado.

Mtu wenu akipatwa na hali hiyo, fanyeni hivyo hivyo. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, kisha mkimbizeni zahanati. Njooni na chupa ya dawa. Msimlazimishe kutapika. Anayemwosha naye ajikinge mikono, hata kwa mifuko ya plastiki.

Wewe uliyejifunza kusoma, soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Tazama dawa ni ya mnyama gani, na kipimo chake ni kiasi gani. Kama ni dawa ya mimea, isiguse mnyama. Tazama pia rangi ya mstari ulio chini ya karatasi hiyo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, halafu buluu, na mwisho kijani. Hata ya kijani si sabuni. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, isiyo na maandishi, usiinunue. Mbwa mwenye ukurutu mbaya, anayetoka manyoya, mpeleke kwa bwana mifugo. Ukurutu huo sabuni haiuponyi.

Kupe nao hawafi kwa sabuni. Wang'oe mmoja mmoja kwa kibanio, karibu na ngozi. Usiwapasue kwa kucha. Watie kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Hiyo ndiyo kazi ya mafuta ya taa hapa. Msichanganye kupe wa mbwa na papasi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, na huuma watu usiku. Huyo haondoki kwa kuogesha mbwa. Huondoka kwa kuziba nyufa.

Mayai ya viroboto huanguka pale mbwa anapolala. Siku ya kumwogesha, fagia mahali hapo, toa gunia lake ulifue kwa maji ya moto na kulianika juani. Usipofanya hivyo, baada ya siku chache viroboto wamerudi.

Mbwa akikuuma wakati unamwogesha, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, ujue kama unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wako.

Na paka? Paka mwachie ajisafishe mwenyewe. Akichafuka, mfute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia lakini paka hutetemeka na kufa.