Keki Laini ya Viazi Lishe: Mapishi Yake na Hesabu Yake

Mkulima wa pamba wa Dutwa hushika fedha za zao lake mara moja kwa mwaka. Mbegu hupandwa kuanzia mwezi wa Novemba, shamba hupaliliwa na kunyunyiziwa dawa, na pamba haifiki kwenye mizani ya chama cha msingi mpaka Mei au Juni. Katika miezi mingine nyumba hutegemea nafaka, kuku na viazi vitamu. Katika hivyo vyote, kiazi kitamu ndicho kinachodharauliwa zaidi. Huvunwa kwa wingi wakati mmoja, bei yake huanguka, na kisichouzwa upesi huliwa na fukusi au huoza.

Akina mama wa Usukuma hawakuishindwa shida hiyo. Tangu zamani walikata viazi vibichi wakavianika, wakapata michembe. Au walivichemsha kwanza, kisha wakavikata na kuvianika, wakapata matobolwa. Hiyo ni akiba ya chakula. Makala haya yanaeleza njia ya pili inayoweza kuongezwa juu ya ile ya kwanza, yaani kukigeuza kiazi kuwa keki inayoweza kuuzwa siku ya mnada, shuleni, au kwa wasafiri wa barabara ya Lamadi hadi Bariadi. Yanaeleza pia hesabu yake, kwa sababu vikundi vingi haviangushwi na jiko, bali huangushwa na daftari.

Asili ya keki hii

Keki nyingi zinazojulikana nchini hutengenezwa kwa siagi au majarini. Iko aina nyingine itumiayo mafuta ya maji badala ya siagi, na wepesi wake hutokana na ute wa mayai uliopigwa mpaka ukawa povu. Aina hiyo huitwa shifoni, kwa jina la kitambaa chepesi. Ilibuniwa mwaka 1927 na Harry Baker, mtu aliyekuwa akiuza bima mjini Los Angeles, Marekani. Alikaa na siri yake miaka 20, kisha mwaka 1947 akaiuza kwa kampuni ya General Mills. Siri yenyewe ilikuwa hayo mafuta ya maji.

Wapishi wa Ufilipino waliichukua keki hiyo wakaitia kiazi chao kiitwacho ube, nayo ikawa ya rangi ya zambarau. Ube ni jamaa ya viazi vikuu vinavyolimwa Unguja na Pemba. Dutwa hakuna desturi ya kulima viazi hivyo, wala hapana haja ya kuviagiza kutoka mbali. Kazi inayofanywa na ube katika keki, ya kuipa rangi, unyevu na utamu, yaweza kufanywa na kiazi lishe, yaani kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa.

Jambo la mafuta lawahusu wakulima wa pamba kwa namna ya pekee, kwa kuwa mbegu ya pamba hutoa mafuta ya kupikia. Lakini lazima yawe yamesafishwa kiwandani. Mafuta ghafi ya mbegu za pamba yana sumu iitwayo gosipoli, nayo huondolewa kwa kusafishwa. Mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri yanafaa vilevile, mradi yasiwe na harufu kali.

Kwa nini kiazi lishe

Rangi ya chungwa ya kiazi hiki hutokana na kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe, ambavyo ndivyo vilivyozoeleka, havina vitamini hiyo ila kidogo sana. Mtoto anayeikosa hudhoofika mbele ya maradhi, na akizidi kuikosa huanza kutoona vizuri gizani, hata huweza kupofuka. Kazi ya kueneza viazi hivi ilitambuliwa duniani mwaka 2016, pale Tuzo ya Chakula ya Dunia ilipotolewa kwa wataalamu wanne. Watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, walituzwa kwa ajili ya kiazi lishe.

Hata hivyo yafaa ukweli usemwe. Keki si dawa. Kiazi lishe kilichochemshwa cha gramu 125 hivi chatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Keki inayoelezwa hapa ina gramu 120 za viazi, nayo hukatwa vipande 12; kwa hiyo kila kipande kina gramu 10 tu. Mama atakayeuza viazi vyote kwa njia ya keki, na kuwaachia wanawe ugali mtupu, atakuwa ameuza macho ya watoto wake. Viazi vya nyumbani vitengwe kwanza, viliwe vimechemshwa, pamoja na mboga yenye mafuta au karanga, kwa maana vitamini hii huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Vya ziada ndivyo viende kwenye biashara.

Vipimo

Kikombe kinachotajwa hapa ni cha robo lita. Kwa keki moja huhitajika:

Unga wa ngano, kikombe 1.
Sukari, robo tatu ya kikombe.
Beking pauda, kijiko cha chai 1 na nusu.
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.
Mafuta ya kupikia, robo ya kikombe.
Viazi lishe vilivyopondwa, nusu kikombe.
Maziwa, robo ya kikombe.
Mayai 4 ya kuku wa kisasa, au 5 ya kuku wa kienyeji, kwani hayo ni madogo.
Maji ya ndimu, kijiko cha chai 1.
Hiliki iliyotwangwa au ganda la chungwa lililokunwa, kidogo.

Beking pauda isichanganywe na hamira ya maandazi, wala isibadilishwe kwa magadi. Magadi huipa keki ladha ya sabuni; na kwa mwenye kutumia kiazi cha zambarau, huigeuza rangi yake ikawa ya buluu au kijani. Rangi ya chungwa ya kiazi lishe huvumilia moto vizuri.

Namna ya kutengeneza

Kwanza ni kiazi. Hupikwa na maganda yake kwa mvuke au kwa maji machache, kisha humenywa, hupondwa kingali moto na kupitishwa katika chekeche ili nyuzi zitoke. Huachwa kipoe kabisa. Kiazi kikiwa chepesi chenye maji mengi, maziwa hupunguzwa. Kikiwa kikavu chenye unga, maziwa hutiwa yote.

Pili, mayai huvunjwa moja moja juu ya bakuli ndogo, ute ukatengwa na kiini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tone moja la kiini au la mafuta likiingia katika ute, ute hauumuki. Bakuli la ute liwe la bati, la udongo au la kioo, kavu na lililooshwa kwa sabuni. La plastiki halifai, kwa sababu hushika mafuta hata baada ya kuoshwa.

Tatu, unga, beking pauda, chumvi na nusu ya sukari huchekechwa pamoja. Katikati hufanywa shimo, na ndani yake hutiwa mafuta, viini, viazi, maziwa na hiliki. Huchanganywa mpaka pawe na rojo laini isiyo na madonge, wala isipigwe zaidi ya hapo.

Nne, ute hutiwa maji ya ndimu na kupigwa kwa mchapo au kwa uma mbili zilizofungwa pamoja. Ukianza kuwa mweupe, sukari iliyobaki hutiwa kidogo kidogo. Kazi hii huchosha mkono, na kikundi chaweza kupokezana. Povu huwa tayari pale mchapo unapoinuliwa na ncha ya povu ikasimama bila kuanguka.

Tano, povu huchanganywa na rojo kwa mafungu matatu, kwa mwiko mpana, likikunjwa polepole kutoka chini kwenda juu. Halikorogwi. Hewa iliyomo ndani ya povu ndiyo itakayoinua keki, na kila mzunguko wa haraka huifukuza.

Sita, mchanganyiko humiminwa katika sufuria ya upana wa sentimita 20 hivi, nayo isijae kupita theluthi mbili. Chini ya sufuria huwekwa karatasi, lakini kuta zake hazipakwi mafuta. Mpishi aliyezoea keki ya siagi atashangaa, lakini sababu ipo: keki hii hupanda kwa kushika ukuta. Ukuta wenye mafuta huiteremsha.

Kuoka bila tanuri

Sufuria kubwa yenye mfuniko hutiwa mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, hufunikwa, na hupashwa juu ya jiko la mkaa kwa dakika 15. Kisha sufuria ya keki huwekwa juu ya mchanga, mfuniko hurudishwa, na makaa hugawanywa: machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko. Keki huoka kwa dakika 40 hadi 50. Katika dakika 30 za kwanza mfuniko usifunuliwe, maana hewa baridi huidondosha. Baadaye hupimwa kwa kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

Ikishatolewa, sufuria hupinduliwa papo hapo na ukingo wake kuegemezwa juu ya vikombe vitatu, keki ikining'inia ndani kichwa chini. Ikae hivyo saa nzima au zaidi mpaka ipoe. Isipopinduliwa, hujilalia kwa uzito wake ikawa ngumu kama ugali wa jana. Ikipoa, kisu hupitishwa ukutani na keki hutoka. Ihifadhiwe mahali pa baridi imefunikwa, na iuzwe ndani ya siku mbili, kwani kiazi kilichomo hushika unyevu na ukungu huiwahi.

Hesabu ya keki

Hapa ndipo katibu wa chama anapohitajika. Chukuliwe mfano wa kikundi cha wanachama ambacho gharama ya keki moja kwao ni shilingi 6,000, pamoja na mkaa. Keki hukatwa vipande 12, na kila kipande huuzwa kwa shilingi 700. Mapato ni shilingi 8,400, na ziada ni shilingi 2,400. Bei za kila mahali na kila msimu hutofautiana, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki.

Hesabu hiyo huonesha jambo ambalo macho hayalioni. Vipande 9 vya kwanza kazi yake ni kurudisha mtaji. Karibu ziada yote imo katika vipande 3 vya mwisho. Na vipande hivyo ndivyo ambavyo aghalabu huliwa na wenye kikundi, hupewa mtoto wa jirani, au hukopeshwa kwa mtu atakayelipa pamba ikiuzwa. Vipande 4 visipolipiwa, mapato hushuka kuwa shilingi 5,600, na kikundi kimepata hasara ya shilingi 400 siku ambayo keki iliisha yote na kila mtu alisema biashara ilikuwa nzuri.

Yapo mambo matatu yanayofaa kushikwa. La kwanza, mayai na viazi vilivyotoka nyumbani kwa mwanachama viandikwe kwa bei ya sokoni, naye alipwe. Vikiandikwa kuwa ni bure, kikundi kitadhani kina faida kumbe kinakula kuku wa mtu mmoja, na ugomvi utafuata. La pili, kipande kinacholiwa na mwanakikundi kiandikwe kama kilichouzwa. La tatu, anayeshika fedha asiwe yule anayeandika daftari. Kanuni hiyo hutumika kwenye mizani ya pamba, na keki nayo ni mali ya wanachama.

Kikundi kinachotaka kuuza nje ya kijiji kimwone kwanza Afisa Afya kuhusu usafi wa mahali pa kupikia, na ofisi ya SIDO kuhusu mafunzo na ufungashaji. Kianze na keki moja kwa mnada mmoja. Ikiisha kwa fedha taslimu minada mitatu mfululizo, zifanywe mbili.

Keki moja haitajenga nyumba. Lakini mama aliyepata shilingi 2,400 mwezi wa Februari, wakati pamba bado ni maua, hahitaji kuiuza shambani kwa mlanguzi kwa bei ya shida. Pamba yake hungoja mizani ya chama. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katibu atakumbuka kuongeza kwamba kibaba chenye tundu hakijai, na tundu huzibwa kwa kalamu.