Picha za Simu Katika Kazi za Kikundi: Kupiga, Kurekebisha na Kutuma



Siku hizi ni vigumu kupata kikundi ambacho hakina hata mwanachama mmoja mwenye simu ya kupiga picha. Toka Muhuru hadi Kendu Bay, toka Rongo hadi Mbita, mkutano ukiisha utasikia, "Ngojeni kwanza tupige moja!" Watu hawajafika nyumbani na picha tayari iko WhatsApp.

Jambo hili ni zuri. Zamani ripoti ya mradi ilikuwa karatasi tu, na aliyeisoma aliamini au hakuamini. Sasa anaweza kuona kwa macho yake kitalu cha miche, tangi la maji au bwawa la samaki. Lakini picha nyingi tunazoletewa hazisaidii. Watu ishirini wamesimama kwa mstari kama watoto wa shule, nyuso ni giza, na mradi wenyewe umejificha nyuma ya migongo yao. Na ziko nyingine, hili ndilo zito zaidi, ambazo ni heri zisingetumwa kabisa. Kwa hivyo hebu tuifuate kazi hii tangu kunyanyua simu mpaka picha ifike kwa mtu mwingine.

KABLA HUJABONYEZA

Jiulize kwanza: nataka kumwonyesha nani, na nini? Kama mlijifunza kupandikiza miembe, piga mikono ya mama anayefunga kikonyo kwenye mche. Picha moja ya mikono ikifanya kazi inaeleza kuliko kumi za watu waliosimama wima. Ile ya mstari pigeni pia, manake watu wanaipenda na haina ubaya. Lakini iwe moja tu.

Pangusa kioo cha kamera. Simu inayokaa kifuani, au ndani ya mkoba uliobeba omena, hupata mafuta juu ya kile kioo kidogo, na picha inatoka kama imepigwa kwenye ukungu. Pembe safi ya leso inatosha.

Halafu angalia jua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana jua liko juu ya utosi. Anayevaa kofia uso wake wote unakuwa kivuli. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni, wakati mwanga unatoka upande. Nenda Thimlich Ohinga, zile kuta za kale za mawe huko Migori ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mchana ukuta unaonekana kama kitu kimoja cha kijivu. Asubuhi kila jiwe lina kivuli chake, na hapo ndipo unaona jinsi wazee walivyoyapanga mawe bila udongo wala saruji. Ndivyo ilivyo hata kwa matuta ya shamba.

Walio ufuoni wana taabu nyingine. Ziwa linang'aa sana, na simu ikiona mwangaza mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima, kwa hivyo mvuvi anayesimama mbele ya maji anatoka mweusi kama mkaa. Dawa ni kugusa uso wake pale kwenye skrini kabla ya kubonyeza, nayo simu itapima mwanga kwa uso badala ya maji. Au mgeuze, aangalie ziwa, nawe upige ukiwa umelipa ziwa mgongo.

Ukitaka kitu kionekane kikubwa, sogea karibu kwa miguu yako. Kuvuta picha kwa vidole kwenye simu nyingi kunaiharibu tu. Na weka kitu cha kupimia: jembe kando ya mtaro, au mtu kando ya tangi. Bila hicho, hakuna ajuaye kama mtaro una kina cha mkono au cha mtu mzima.

Sasa niseme juu ya picha ambayo naiona ina nguvu kuliko zote kwa kikundi: ile ya kabla na baada. Tuseme mnaziba korongo linalokula shamba. Chagueni mahali pa kusimama, mpake rangi jiwe moja pale, na kila mara mpige mkiwa juu ya jiwe hilo hilo, mkielekea mti ule ule. Angalieni pia mwezi. Mkipiga ya kwanza Februari, ardhi ikiwa kavu, na ya pili Mei baada ya mvua ndefu, kijani kitakachoonekana ni cha mvua, si cha jasho lenu, na mtu anayejua kilimo atawacheka. Pigeni Februari, kisha Februari ya mwaka unaofuata.

KUCHAGUA NA KUREKEBISHA

Ukipiga thelathini, chagua tatu. Kazi hii ifanyeni watu wawili, maana aliyepiga hupenda zote.

Kurekebisha kunaruhusiwa. Kata pembeni pasipo na maana, nyoosha ziwa lililolala kama linamwagika, ongeza mwanga kidogo mahali pa giza. Fanya hayo kwenye nakala na uiache ile ya asili ilivyo, kwa sababu siku mtu akiuliza, hiyo ndiyo shahidi wenu.

Kisichoruhusiwa ni kuongeza kitu ambacho hakikuwepo au kufuta kilichokuwepo. Mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanoni, mpiga picha mmoja wa shirika la habari la Reuters aliongeza moshi kwa kompyuta juu ya picha ya mji wa Beirut. Moshi wa kweli ulikuwepo. Yeye aliutaka uwe mwingi zaidi. Wasomaji waligundua. Reuters waliacha kufanya naye kazi, na wakaziondoa picha zake zote walizokuwa wakiuza, 920. Si ile moja tu. Nasi ni hivyo hivyo. Mfadhili akigundua kwamba mahindi katika ripoti ni ya shamba la jirani, hata ng'ombe wenu wa kweli atadhani wa kuazima. Siku hizi ziko programu za akili bandia zinazoweza kutengeneza kisima na watu wakichota, na kisima chenyewe hakuna. Msiziguse kwa ripoti hata kama ni za bure.

MTU ALIYE NDANI YA PICHA

Mkenya Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia, mwezi Oktoba 1984, na BBC wakaionyesha. Ulimwengu ulishtuka, na misaada mingi ikatoka. Hakuna anayeweza kusema kazi ile haikuokoa watu. Lakini baadaye swali likaulizwa, hata na mashirika ya misaada yenyewe: je, kila Mwafrika aonyeshwe akiwa amekaa chini, amenyoosha mkono, bila jina? Mwaka 1989 mashirika ya hiari ya Ulaya yalikubaliana juu ya maadili ya picha za nchi maskini, kwamba zilinde heshima ya watu. Inashangaza kuona sisi wenyewe, kwa simu zetu, tunampiga picha mama mjane akilia mlangoni pa nyumba inayovuja, halafu tunaituma kwa watu mia mbili.

Basi omba ruhusa, na uombe ukieleza. "Mama, nikupige picha?" haitoshi. Sema, "Mama, picha hii itaenda kwa ripoti ya kikundi na kwa Facebook, na watu wa mbali wataiona. Unakubali?" Akikataa asisukumwe, wala asinyimwe mbuzi wa mradi kwa sababu hiyo. Na akibadili nia kesho, iondoeni.

Hii si adabu tu, ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi. Mwalimu hatoshi, hata katibu wa kikundi hatoshi.

Katika sehemu zetu kuna jambo la kuangalia zaidi. Vikundi vingi vilianzishwa na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na hali ya mtu ni siri yake. Iko Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inayokataza kuitangaza bila idhini. Huna haja ya kuandika neno lolote ili uitoboe siri hiyo. Bango lililo nyuma ya mtu, mlango wa kliniki, au jina la kikundi kwenye fulana linaweza kusema yote. Tazama nyuma ya mtu kabla hujamtazama mtu.

Angalia pia mezani. Mkipiga picha ya kugawana akiba ya chama, vitambulisho, daftari la mikopo na ujumbe wa M-PESA ukiwa wazi kwenye simu ya mweka hazina visionekane. Na kwa msiba, ngojeni. Wako watoto wa marehemu walio Nairobi au ng'ambo ambao wameijua habari ya kifo kwa picha ya jeneza kabla ya kupigiwa simu na mjomba.

KUTUMA NA KUTUNZA

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili iende haraka. Kwa kikundi chenu inatosha. Lakini kama picha itachapishwa kwenye karatasi, itumeni kama faili, mahali pale pa kutuma barua na vyeti, nayo itafika kamili. Ila ikienda kamili inaweza kubeba pia alama ya mahali ilipopigwa. Kwa zizi la ng'ombe wa maziwa au shimo la dhahabu kule Nyatike, zimeni kwanza alama ya mahali katika mipangilio ya kamera.

Kila picha iende na maneno machache: kitu gani, wapi, tarehe, na nani anayefanya nini, kwa jina kama amekubali jina litajwe. Hayo hayo yaandikwe katika daftari la picha, pamoja na jina la aliyepiga na jinsi ruhusa ilivyotolewa. Katibu alitunze kama anavyotunza kumbukumbu za mkutano. Na nakala zikae mahali pawili, kwa mfano kwenye simu na kwenye flashi inayofungiwa sandukuni. Simu huanguka majini, na anayeishi Rusinga au Karungu hahitaji kuelezwa hilo.

Mwisho ni jambo linalosahaulika sana. Pesa ikipatikana, chapisheni picha mbili tatu kwenye studio mjini na mmpelekee aliyepigwa. Kikongwe asiye na simu hataiona WhatsApp. Andika tarehe nyuma kwa kalamu, manake wajukuu watauliza ilikuwa mwaka gani.